Kati ya Kwapa na Goti

Viwanja vingi vina mipaka inayoonekana. Kandanda ina chokaa na milingoti, tenisi ina mistari na wavu, hata mdako wa watoto una kishimo chake. Softiboli nayo ina chokaa ya kutosha, ila mpaka unaogombewa kuliko mingine yote haujachorwa popote. Ni kisanduku cha hewa kilichosimama juu ya bamba jeupe la pembe tano. Upana wake ni sentimita 43, sawa na bamba lenyewe. Kimo chake kitabu cha sheria hakikukitaja kwa sentimita hata moja: kinaanzia juu ya magoti ya mpigaji na kuishia kwenye makwapa yake, anapokuwa amejiweka tayari kupiga. Mpira ukipita humo, au ukigusa ukingo tu, ni straiki. Usipopita humo na mpigaji asiuchape, ni boli. Straiki tatu, mpigaji ametoka. Boli nne, anakwenda zake kituo cha kwanza bila hata kunyanyua gongo.

Anayeamua ni mtu mmoja aliyeinama nyuma ya mdakaji, uso ndani ya barakoa ya chuma, kifua kimefungwa pedi, mkononi kidude kidogo cha kuhesabia. Kwenye mechi ya wasichana wa miaka 9 na 10 anaweza kuulizwa macho yake mara 200 kabla jua halijatua. Hapa Marekani kila mtu humwita Blu, kwa rangi ya shati walilozoea kuvaa waamuzi, hata siku akija na jeusi. Kwa misimu kadhaa sasa Blu huyo nimekuwa mimi, kwenye viwanja vya vitongoji vya Minneapolis. Ni mji unaojivunia kwamba mwaka 1895 Lewis Rober, afisa wa zimamoto, aliwapa vijana wake mchezo huu ili wasilale wakisubiri kengele ya moto. Chicago walikuwa wameshaucheza tangu 1887, ndani ya klabu ya mashua ya Farragut, kwa glovu ya ndondi iliyofungwa ikawa mpira na mpini wa ufagio. Watu wa Minneapolis hawapendi kukumbushwa hilo. Mchezo wa wanaume waliochoka kukaa bure umekuja kuwa wa mabinti: Little League, shirika la besiboli ya watoto, ilianzisha softiboli ya wasichana mwaka 1974, mwaka uleule iliposhindwa mahakamani New Jersey na kulazimika kuwafungulia mlango wa besiboli.

Sisi tuliosoma shule za msingi Kenya tulicheza raunda, na mpira ulioruka kombo ulirudishwa tu ukarushwa tena. Hakuna aliyehesabiwa dhambi kwa kuuacha upite. Ndiyo maana nilimwelewa mama mmoja kutoka Kisii aliyekuja kumtazama binti yake kwa mara ya kwanza, akanifuata kwenye maegesho mechi ilipokwisha. Hakuwa na hasira.

“Baba,” akaniambia, “yule mtoto hakufanya chochote. Alisimama tu. Sasa umemtoa kwa kosa gani?”

“Mama, kosa ndilo hilohilo la kusimama tu.”

Akacheka, lakini niliona jibu halijamtosha, na kwa kweli halitoshi. Katika miaka ya mwanzo ya besiboli, mzazi wa softiboli, kazi ya mrushaji ilikuwa kumpa mpigaji mpira unaopigika, basi. Mpigaji naye aliweza kusimama mpaka auone ule autakao. Kukatokea wapigaji wasiotaka kupiga na warushaji wasiotaka kurusha vyema, kila mmoja akimngoja mwenzake achoke. Mwaka 1858 mwamuzi akapewa ruhusa ya kumhesabia straiki anayeachia mipira mizuri. Mwaka 1864 akaruhusiwa kumhesabia boli mrushaji anayepoteza muda. Kwa miaka mingi mpigaji aliweza hata kuagiza: wa juu au wa chini. Haki hiyo ilifutwa mwaka 1887, likawekwa eneo moja kwa wote, toka bega hadi goti. Boli zilizohitajika kumpeleka mtu kituo cha kwanza zilikuwa 9 mwaka 1879, zikapunguzwa kidogokidogo hadi 4 mwaka 1889. Kwa hiyo kisanduku hiki hakikuzaliwa kwa kiu ya haki. Kilizaliwa kwa sababu watu wawili wakaidi walikuwa wakiwachelewesha wengine 16.

Nilimweleza mama yule kwa ufupi. “Kumbe ni ya kuwahimiza,” akasema. Sijawahi kupata maelezo bora zaidi ya hayo kwa mechi za watoto.

Maana huku chini kabisa, kwa wale wa miaka 10 na chini, ndiko tatizo la 1858 linakoishi hadi leo. Mrushaji anasimama mita 10.7 kutoka kwenye bamba. Mkono unazunguka duara zima na kuuachia mpira karibu na nyonga, na lazima mguu, kiuno na kifundo cha mkono vikubaliane kwa wakati mmoja. Wakubwa hufanya hivyo kwa miaka kabla hawajaaminika. Mtoto aliyeanza majira ya baridi, ndani ya ukumbi wa shule, atatupa mmoja unaopita katikati ya bamba, wa pili utampita mdakaji kichwani, wa tatu utabingirika. Mwamuzi akishika kitabu kama kilivyo, mechi inageuka msafara: wa kwanza anatembea, wa pili anatembea, wa tatu anatembea, wa nne akitembea wa kwanza anarudi nyumbani na kupata alama, bila gongo kugusa mpira. Walinzi wa nyuma wameketi kwenye majani wakichuma maua ya manjano. Mwezi wa Aprili hapa Minnesota theluji inaweza kuanguka jioni ya mechi, na wazazi wamejifunika blanketi wakikutazama wewe, si watoto.

Ligi zinalijua hili. Baadhi humruhusu kocha kuja kurusha baada ya boli ya nne; nyingi huweka kikomo cha muda. Pasipokuwa na kanuni ya namna hiyo, dawa iliyobaki ni mdomo wa mwamuzi. Analipanua eneo. Haijaandikwa popote, na kila aliyesimama nyuma ya bamba anaifanya. Wakongwe walionifundisha walisema neno moja tu: tafuta straiki.

Lakini tafuta wapi? Hapo ndipo ninapotofautiana na baadhi yao. Mpira wanaotumia wadogo hawa una mzingo wa sentimita 28, yaani unene wake ni kama 9. Kwa kuwa ukigusa ukingo wa bamba kwa nje bado ni straiki, zile sentimita 43 tayari zimekuwa 61 kabla hujampa mtu zawadi yoyote. Ukiongeza upana wa mpira mmoja upande wa mbali na mpigaji, hujamwonea, kwa sababu gongo lake lina urefu wa sentimita 70 na ushei, na mikono yake ikinyooka anaufikia. Anaweza asiupige vizuri, lakini anaufikia. Upande wa ndani siongezi kitu. Huko ndiko mipira inakowaumiza, na mtoto anayerudi nyuma kuokoa mbavu zake hafai kuhesabiwa straiki kwa busara hiyo. Juu siongezi kabisa.

Kuna mtoto fulani ambaye kila timu inaye, mdogo kuliko wote, kofia ya chuma imemzidi, na akijiinamisha kupiga, kutoka goti hadi kwapa ni kama nusu mita. Ni shabaha ndogo mno, warushaji wote humchukia. Mtoto huyu amefundishwa na baba yake au kocha kuutazama mpira tangu mkononi. Ana straiki mbili. Mpira unakuja usawa wa macho yake, anauona, anaujua, anauacha upite. Amefanya jambo gumu kuliko yote katika mchezo huu, kuzuia mikono isiende pale moyo unapoisukuma. Na nyuma yake mtu mzima, mwenye saa mkononi na mechi nyingine inayomsubiri, anapaza sauti: straiki ya tatu!

Nimeliona mara nyingi, kwa wenzangu wema kabisa. Mtoto halii. Anageuka kumtazama mwamuzi, halafu kocha, halafu anarudi kwenye benchi akiburuta gongo. Nini amefundishwa? Kwamba macho yake humdanganya. Wiki ijayo atachapa kila kitu, hata cha kichwani, na kocha atampigia kelele kwa kukosa subira. Watetezi wa eneo la juu husema mipira ya watoto hupinda ikishuka, kwa hiyo ule uliokuwa machoni kabla ya bamba ulikuwa kifuani ulipolivuka. Wakati mwingine ni kweli. Basi aliyeuona ukishuka aseme straiki. Aliyeuona haukushuka, saa si hoja.

Upande wa pili yuko mtoto mwingine anayedhulumiwa, na huyu watetezi wake ni wachache. Mrushaji amekwisha kutupa mipira minane nje, kisha wa tisa anauweka pale anapopaswa, juu tu ya goti, kwenye kona ya mbali. Mpira wa taratibu unaorushwa kutoka chini unapovuka bamba unakuwa tayari unaanguka. Umepita juu ya goti, lakini glovu ya mdakaji, iliyo nyuma kwa hatua nzima, inaudakia karibu na vumbi. Uwanja mzima umeiona glovu. Ukisema straiki, wataguna kwamba huoni. Ukisema boli watatulia, na mtoto aliyefanya kitu sahihi baada ya vinane vya ovyo ataambiwa kwamba sahihi na ovyo ni mamoja. Wengi wetu husema boli. Ni boli ya woga, na mtoto ndiye anayeilipa.

Wazazi, kusema haki, hawadanganyi. Wameketi mahali pabaya. Aliye kwenye viti vya pembeni anaona vizuri kama mpira uko juu au chini, lakini upana wa bamba hauoni hata kidogo. Aliye nyuma ya wavu anaona kushoto na kulia, kimo kimempotea. Kila mmoja ameushika ukweli kwa upande mmoja, na mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mwamuzi hujiweka kwenye uwazi kati ya mpigaji na bega la mdakaji, kidevu usawa wa juu ya kofia ya mdakaji, kichwa kisitikisike. Tunafundishwa kuufuata mpira kwa macho, si kwa shingo, mpaka ndani ya glovu, halafu kungoja. Ule ungojaji ndio ufundi wenyewe. Mpira wa mtoto unafika kwa nusu sekunde na kidogo. Anayetamka ukiwa hewani ametabiri, hajaamua. Ukingoja kidogo, jicho linaurudia mpira kwenye fahamu na mara nyingi jibu linabadilika.

(Sauti nayo ina adabu yake. Straiki hutamkwa kwa nguvu na mkono wa kulia hupanda. Boli hutamkwa chini, mkono haunyanyuki. Kwenye runinga waamuzi wakitoa straiki ya tatu hucheza ngoma nzima, wanavuta upinde, wanapiga ngumi hewani. Mtu anayemfanyia hivyo binti wa miaka 9 anahitaji kupumzishwa kazi.)

Kuhusu kupanua eneo, picha inayonijia ni ya muuza mahindi na kibaba chake. Kuna anayejaza mpaka kilele, kuna anayefuta kwa mkono. Wateja hawagombani naye kwa lolote kati ya hayo mawili, wanajua cha kulipa. Wanagombana siku akimjazia shangazi yake na kumfutia jirani. Hivyo ndivyo ilivyo na bamba. Upana gani nimeuchagua si jambo kubwa kama wanavyodhani waliosoma sheria usiku kucha. Kubwa ni kwamba mpira wa kona ya mbali uliokuwa straiki saa kumi na moja uwe straiki saa moja, kwa timu ya wenyeji na ya wageni, kwa binti wa kocha na kwa yule aliyeazima glovu.

Kinachovuruga kibaba, nionavyo, ni huruma kuliko upendeleo. Mwaka 2011 Tobias Moskowitz na Jon Wertheim walichapisha kitabu chenye hesabu za mipira ya ligi kuu ya besiboli iliyopimwa kwa kamera. Mrushaji akiwa na boli tatu bila straiki, eneo la mwamuzi linavimba. Mpigaji akiwa na straiki mbili bila boli, linanywea. Hawa ni wanaume waliolipwa vizuri, waliofunzwa kwa miaka, na bado mkono wao unakwepa kuwa ndio unaomaliza jambo. Miaka mitano baadaye Moskowitz, pamoja na Daniel Chen na Kelly Shue, walichapisha utafiti mwingine uliowaweka waamuzi hao kando ya maafisa wa mikopo na majaji wa Marekani wanaosikiliza maombi ya hifadhi ya wakimbizi. Makundi yote matatu yana tabia moja: wakitoka kusema ndiyo, wanaelekea kidogo kusema hapana kwa anayefuata, kana kwamba ndiyo zina mgao. Nilipousoma nilikaa kimya kwa muda. Katika jumuiya yetu hapa Minnesota ni vigumu kukosa mtu anayemjua aliyewahi kuketi mbele ya jaji wa namna hiyo. Kwamba siku ya maisha yake ilitegemea kidogo ni nani alitangulia kwenye foleni, na kwamba udhaifu huo ni jamaa wa ule ninaoupiga vita kila Jumamosi kwenye vumbi, ni jambo ambalo bado sijui niliweke wapi.

Kwa watoto huruma ina nguvu zaidi, kwa sababu ina sura. Mrushaji yuko kwenye duara lake, vituo vyote vimejaa, boli tatu, anapangusa pua kwa mkono wa glovu. Mama yake amenyamaza. Unatamani umpe mmoja tu. Mpira unakuja, nje kwa upana wa mipira miwili, si straiki kwa kipimo chochote ulichoanza nacho. Ukimpa, umempa kitu ambacho si chako. Umekitoa kwa mtoto mwingine, wa umri uleule, mwenye pua ileile, ambaye mgongo wake tu ndio unauona. Ndiyo sababu naupanua mlango kabla ya mpira wa kwanza, wakati sijajua bado ni nani atakayelia.

Haya yote yanafanywa na watu wanaozidi kupungua. Shirikisho la taifa la michezo ya shule za sekondari Marekani lilisema kiasi cha waamuzi 50,000 wa michezo mbalimbali waliacha kati ya msimu wa 2018-19 na 2021-22, na matusi ya watazamaji yanatajwa kila mara kwenye orodha ya sababu. Mji wa Deptford, New Jersey, ulipata dawa iliyonifurahisha. Mwaka 2023, baada ya waamuzi wawili wa kujitolea kuondoka, Little League ya huko iliamua kwamba mzazi anayemtukana mwamuzi hatarudi kutazama mpaka yeye mwenyewe achezeshe mechi tatu. Mimi ningepunguza adhabu. Vipindi viwili vya watoto wa miaka 9, nyuma ya bamba, vinatosha.

Wengine wanangoja mashine. Ligi ya besiboli ya Korea Kusini iliikabidhi kamera kazi hii mwaka 2024, na ligi kuu ya Marekani imeidhinisha kwamba kuanzia 2026 mpigaji, mdakaji au mrushaji aweze kukata rufaa kwenye mashine. Katika mfumo huo wa Marekani makwapa na magoti hayana kazi tena: juu ni asilimia 53.5 ya kimo cha mchezaji, chini ni asilimia 27, na wachezaji hupimwa bila viatu. Hata mpira hupimwa kwenye kibao kimoja kilichosimamishwa katikati ya bamba, si katika kina chake chote. Ni kazi safi, na kwa watu wanaolipwa mamilioni siipingi. Ila 53.5 nayo ilichaguliwa na mtu, mezani, akijua kwamba 55 ingewafaa warushaji na 52 ingewafaa wapigaji. Alipanua au alibana mlango kabla ya mchezo kuanza, jambo ninalolifanya na mimi, tofauti ni kwamba yeye hakuwa na mzazi mgongoni. Na mtoto wa miaka 10 hupimwa lini? Niliowaona Mei magoti yao hayapo pale yalipokuwa ifikapo Julai.

Kwa hiyo kabla ya kila mechi nawaita makocha wawili kwenye bamba, nalipangusa kwa brashi, nawaonyesha kwa mkono. Upande wa mbali, mpira mmoja zaidi. Upande wa ndani, kitabu. Juu kwapa, chini goti, na nitaitazama hewa iliyo juu ya bamba, si glovu. Wengi huitikia kwa kichwa bila kusikiliza. Msimu uliopita mmoja alisikiliza. “Na binti yangu akiwa ndiye mpigaji,” akauliza, “bado mpira mmoja zaidi?” Nikamwambia bado. Akaenda kwenye benchi lake akawaambia wasichana wasogee karibu na bamba na wapige. Walipiga kweli, na wa timu nyingine walipoona hivyo nao wakaanza kupiga, mipira ikaenda kila mahali isipokuwa ndani ya glovu za walinzi. Mechi iliisha 14 kwa 11, na malalamiko niliyoyapata njiani kuelekea kwenye gari yalitoka pande zote mbili.